Kufuata Mto Zigi: Darasa la Tano Ndani ya Msitu wa Amani

Jumatano: Tanga, Muheza, Sigi

Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka Mto Zigi. Mto huo unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na hapo maji huchukuliwa, husafishwa, kisha husukumwa kuja kwetu. Nilipowauliza watoto wa darasa la tano maji wanayokunywa yanatoka wapi, wengi walisema kwenye tangi, wengine kwa mamlaka ya maji, na mmoja akasema chini ya ardhi, kwa sababu ndiko mabomba yanakolazwa. Mchoro wa mzunguko wa maji wanao kwenye madaftari, na mishale yake wameichora vizuri. Lakini msitu haukutajwa na mtoto hata mmoja. Hapo ndipo tulipoamua kuipanga safari hii kufuata maji kwenda juu hadi kwenye chemchemi, kisha kushuka nayo hadi bwawani.

Tuliondoka asubuhi kwa Kosta: watoto, walimu, mama mmoja mzazi ambaye ni muuguzi, na mama mpishi wa shule, aliyekataa katakata sufuria zake zisafiri bila yeye. Wazazi walichanga kidogokidogo tangu muhula wa kwanza. Asiyekuwa na fedha alileta mchele au maharage, na kamati ya shule ilikubaliana mapema kwamba hakuna mtoto atakayebaki nyumbani kwa ajili ya mchango. Nalitanguliza hili kwa sababu walimu wenzangu huuliza gharama kabla ya kitu kingine chochote, na wana haki ya kuuliza.

Muheza tulinunua machungwa, maana ni msimu wake na huwezi kupita Muheza mikono mitupu. Lami ilipokwisha tukaingia kwenye shamba la misaji la Longuza, nikamwomba dereva asimame. Kazi ya watoto ilikuwa moja: wahesabu aina za miti wanazoziona. Walirudi upesi, baadhi wakidhani nimewatega. Msaji, msaji, msaji. Chini palijaa majani makubwa makavu, kwa kuwa msaji hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na jua lilishuka hadi ardhini bila kizuizi. Sikuwaambia kwamba shamba lile ni baya, kwa sababu si baya. Mbao za madawati yao lazima zitoke mahali. Nilitaka wawe na kitu cha kulinganisha kesho yake.

Sigi ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kituo cha taarifa kiko ndani ya nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyobaki tangu enzi za Wajerumani, walipojenga reli nyembamba kutoka Tengeni kuja kubeba magogo. Afisa misitu aliwapokea watoto kwa heshima ambayo watu wazima hupewa. Aliwaeleza kwamba hifadhi ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ina ukubwa wa hekta 8,380 hivi. Kisha akatoa masharti: suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu, hakuna kuchuma, hakuna kugusa kabla ya kuuliza, na kila kikundi kiwe na mtu wa mwisho ambaye hapitwi na mwenzake. Hilo la mwisho walilipenda mno. Kuwa mtu wa mwisho kukageuka cheo.

Jioni tulishuka mtoni. Zigi pale Sigi unapita juu ya mawe, na maji yake yanaonyesha vidole vya mguu. Watoto walishangaa, kwa maana wao wanayajua maji haya yanavyotoka bombani rangi ya chai baada ya mvua kubwa. Tukajaza chupa moja, tukaiandika "Sigi", tukaiweka kwenye sanduku.

Alhamisi: Sigi hadi Amani

Gari lilipanda na mizigo. Sisi tukapanda kwa miguu pale njia inaporuhusu, tukiwa na mwongozaji, kijana Msambaa aliyezaliwa humu humu milimani. Sigi iko chini na Amani iko kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mwendo ni wa kupanda. Watoto wa pwani hawajazoea milima, wakaanza kwa mbio kama wanavyoanza kila kitu, na baada ya muda mbio zikaisha zenyewe.

Kitu cha kwanza walichokiona ni giza. Saa tatu asubuhi, jua kali nje, na ndani ya msitu mwanga ni wa kijani. Tuliwarudishia kazi ya jana: hesabuni aina za miti. Kikundi kimoja kilifika aina kadhaa kikachanganyikiwa, kwa sababu kila waliposema hii tumeshaiona, jani lilikuwa tofauti. Hapo wakaanza kuangalia sawasawa: ukingo wa jani, gome, utomvu, mizizi. Mti mmoja mkubwa ulikuwa na mizizi iliyosimama kama kuta, na watoto wakaingia katikati yake wakashikana mikono kupima mzunguko wake. Mwongozaji aliwaeleza kwamba udongo wa huku wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu tu, hivyo mti mrefu hujitegemeza kwa upana badala ya kina.

Baada ya hapo tulifanya zoezi ambalo sasa ningelipendekeza kwa mwalimu yeyote, hata asiye na msitu, hata mwenye mwembe mmoja tu uwanjani. Kila mtoto alikaa chini ya mti wake na karatasi yenye nukta katikati. Nukta ni yeye. Kwa dakika tano anasikiliza tu, na kila sauti anaichora upande inakotokea. Dakika ya kwanza ilikuwa ya vicheko. Ya pili pia. Kisha hondohondo walipita juu, na yeyote aliyewahi kuwasikia anajua mabawa yao yanavyovuma; vicheko vikakatika, na kuanzia hapo wakasikiliza kweli. Tulipolinganisha karatasi tukagundua karibu kila mtoto amechora maji upande uleule, ingawa hakuna aliyekuwa ameuona mto kutoka pale. Tukafuata upande huo tukakikuta kijito kinachoshuka kwenda Zigi.

Njiani mtoto mmoja aliuliza, "Nani alipanda miti hii yote?" Nilikuwa na jibu la haraka, nikalinyamazia, nikamwachia mwongozaji. Akachutama, akatoa mfukoni mbegu kavu za msambu. Msambu ni mti wa milima hii, matunda yake ni makubwa na mazito, huanguka chini yakakaa papo hapo. Mbegu zake zina mafuta mengi, na wanavijiji huziokota na kuziuza. Lakini ni nani anayezipeleka mbali na mti mama? Panya buku. Huzibeba, huzifukia ardhini kama akiba, na zile anazozisahau huota. Watoto walimtazama wakidhani ni mzaha. Panya buku wanaomjua wao ni yule wa jalalani.

Akaendelea na mti mwingine, Maesopsis, mrefu, ulionyooka, umetapakaa kila mahali. Huo si mwenyeji wa hapa. Uliletwa na watu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa miongo mingi magogo yalikatwa humu kwa mashine, hadi ukataji huo ukasimamishwa miaka ya 1980, na mahali palipobaki wazi ndipo Maesopsis ulipojaa. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo hondohondo anaharibu msitu?" Mwongozaji alifikiri kidogo. "Hondohondo anakula alichokikuta," alisema. "Waliofungua nafasi ni watu." Swali la binti yule lilizaa mjadala mrefu, watoto wakibishana wenyewe kama mti unaoleta kivuli na kulisha ndege unaweza kuwa tatizo. Walimu tulinyamaza. Naamini nusu ya kazi ya mwalimu msituni ni kunyamaza, na ni nusu ngumu, kwa kuwa tumezoezwa kwamba ukimya darasani maana yake mwalimu hajajiandaa.

Tulifika Amani alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka na watoto wakavaa masweta waliyodhani wazazi wamewafungia bure. Ugali, maharage, mchicha, chai ya tangawizi. Hakuna aliyebakiza.

Usiku tulitoka kwa tochi, kila kikundi na mtu wake wa mwisho. Usiku ndio wakati mzuri wa kumwona kinyonga, kwa kuwa akilala rangi yake hupauka na tochi humdaka mara moja kwenye ncha ya kijiti. Tulimpata dume mwenye pembe tatu, na jirani yake jike asiye na pembe hata moja. Kwetu kinyonga anaogopwa. Wapo waliorudi nyuma wakiomba tuondoke. Mwongozaji hakuwadhihaki wala hakumshika kinyonga. Aliwaacha wasimame mbali kadiri wanavyotaka, na mmoja baada ya mwingine wakasogea.

Kisha tukamwona chura mdogo juu ya jani, mbali na maji. Mwongozaji alisema jamii ile ya chura haitagi majini: mama hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili wadogo. Mara mwanafunzi mmoja akapinga kwa sauti, "Mwalimu, kitabu kinasema yai, kiluwiluwi, chura!" Ni kweli, kinasema hivyo, na yeye amekariri vizuri. Nikamjibu kwamba kitabu kimeeleza vyura walio wengi, na huyu ni mmoja wa wachache, na wachache hao wengi wao wako Tanzania. Akauliza swali la mtoto anayejua mfumo wake: kwenye mtihani aandike nini? Nikamwambia aandike mzunguko wa kitabu, kisha kwenye daftari lake la safari aandike alichokiona. Sikulipenda jibu langu lilivyogawanyika, ila ndivyo mambo yalivyo kwa sasa, na ningependa siku moja watunga mitihani wetu waje watembee njia hii usiku.

Ijumaa: Amani

Asubuhi tulikuwa bustani ya mimea. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti hapa mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia kuona ipi itastawi na kuleta faida. Mikwinini ipo bado, mti ambao gome lake lilitoa dawa ya malaria. Watoto walionusa karafuu, mdalasini na kafuri walifurahi, lakini hatukukaa sana pale.

Mkutano mkubwa ulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha Shebomeza, aliyekubali kutembea nasi hadi kwenye shamba lake. "Shikamoo babu," kwa sauti moja. "Marahaba wajukuu zangu, karibuni milimani." Alituonyesha iliki. Iliki inapenda kivuli, hivyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka mimea ya chini. Kwa mbali unaona msitu. Ukiingia ndani unakuta hakuna miche, hakuna miti midogo ya kurithi mikubwa itakapoanguka. Baada ya miaka iliki hupungua, na shamba hugeuzwa la zao lingine. Mzee alieleza haya bila kujitetea na bila kumlaumu mtu: iliki ndiyo iliyosomesha watoto wake. Nilifurahi wanafunzi walimsikia. Mara nyingi somo la mazingira huwafundisha watoto kwamba mkulima ni adui, na mtoto anayerudi nyumbani akiwaza hivyo amejifunza uongo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta habari za vipepeo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa huku walianza kufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, nje ya nchi, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Kila kipepeo ana mti wake ambao viwavi wake hula, kwa hiyo mfugaji anapanda miti hiyo, na ana sababu ya kutaka msitu ubaki. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na wafugaji wa vipepeo wakaguswa pia. Watoto waliuliza kwa nini kipepeo awekwe pamoja na tembo. Sikuwa tayari kuitetea wala kuilaani sera mbele ya watoto wa darasa la tano, ila niliwaambia swali hilo ni zuri na waliandike.

Mchana tulifanya jaribio nyuma ya nyumba ya wageni. Nalieleza kwa urefu kwa sababu halihitaji fedha. Unachukua chupa tatu za plastiki za lita moja na nusu, unazikata ubavuni, unazilaza. Ya kwanza tulijaza udongo mtupu wa kando ya barabara. Ya pili udongo wenye nyasi. Ya tatu udongo na majani yaliyooza ya chini ya miti, tuliyoyachukua nje ya mipaka ya hifadhi kwa ruhusa. Chini ya kila mdomo wa chupa kuna kikombe. Mtoto anamimina kikombe kilekile cha maji kwa kopo lenye matundu, polepole, kama mvua.

Udongo mtupu ulitoa maji mara moja, mekundu mazito. Nyasi zilichelewa kidogo. Chupa ya majani ilikaa kimya. Watoto walidhani imeziba. Wakaendelea kumimina, na baada ya kusubiri maji yakaanza kudondoka tone tone, yakiwa na rangi hafifu tu, na yaliendelea kudondoka hata baada ya mvua yetu kukatika. Hilo la kuendelea ndilo walilolishika. Mmoja akasema, "Ndiyo maana mto hauishi kiangazi." Hatukuongeza neno. Tulikuwa na ukurasa mzima wa maelezo ya kusoma baada ya jaribio, na tukauacha mkobani.

Saa za jioni tulipima joto kwa kipimajoto kimoja: katikati ya majani ya chai, halafu hatua chache ndani ya msitu jirani. Joto lilishuka, na watoto walilihisi kwenye ngozi kabla ya kulisoma. Karibu na kijito, kwenye mwamba wenye unyevu, mwongozaji alituonyesha Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo leo linapandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala upande huu wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na jina lake ndilo ua lililopewa. Kwenye asili yake linaishi mahali padogo sana, chini ya kivuli, na kivuli kikiondoka nalo huondoka. Watoto walipiga magoti kwa zamu. Hakuna aliyeligusa.

Jumamosi: chemchemi, kisha Mabayani

Tuliamka mapema kwenda kwenye moja ya chemchemi zinazolisha Zigi. Hakuna cha ajabu cha kuona pale, na hilo liliwavunja moyo baadhi yao. Ni ardhi inayovuja chini ya mizizi, maji yanakusanyika kwenye kidimbwi ambacho mtu mzima anaweza kukiruka. Tulijaza chupa ya pili, "Chemchemi".

Wakati wa kushuka walimu na afisa misitu tulizungumza juu ya Sakale, ndani ya milima hii hii, ambako wachimbaji wa dhahabu waliwahi kuvamia vyanzo vya maji kinyume cha sheria na kuchimbua kingo za vijito. Watoto waliokuwa karibu walisikia, wakataka kujua kama maji yale nayo yanakuja Tanga. Yanakuja. Afisa aliwaeleza pia kwamba wapo wakulima wa bonde la Zigi waliojiunga pamoja kuhifadhi kingo za mto, wanapanda miti na kuchimba makingamaji mashambani, na kwamba mamlaka ya maji ya Tanga inashirikiana nao, kwa kuwa kuzuia tope juu ni nafuu kuliko kulisafisha chini.

Mabayani tulifika mchana, kwa ruhusa tuliyoiomba mapema. Watoto walikuwa wamechoka, na bado walishuka mbio. Chupa ya tatu ilijazwa hapo. Tukazipanga zote ukutani: Chemchemi, Sigi, Mabayani. Tofauti ilionekana bila maelezo. Mhudumu wa bwawa aliwaeleza kazi ya dawa inayokusanya tope lizame, kisha klorini, na kwamba mvua kubwa ikileta udongo mwingi dawa hutumika nyingi zaidi na gharama hupanda. Binti wa swali la hondohondo akauliza nani analipa gharama hiyo. "Baba yako," akajibu mhudumu, "kwenye bili."

Kuanzia Jumatatu darasa litajaza chupa ya nne kwenye bomba la shule, na kila wiki itajazwa upya hadi masika yapite, pamoja na kuandika kama juzi mvua ilinyesha milimani. Mwongozaji ametupa namba yake ya simu ili watoto wamuulize habari za mvua huko juu. Shule jirani mbili zimeshauliza kama tunaweza kufanya kwa pamoja, na mwalimu wa hisabati amesema grafu atazichukua yeye kwenye vipindi vyake.